Kupanga Insha ya Kitaaluma: Kiswahili cha Jinja na Mbale, Darasani na Kiwandani

Mwanafunzi anayepewa swali la insha kuhusu historia ya Kiswahili nchini Uganda aghalabu huanza kwa kuandika miaka. Huandika 1927, kisha 1952, kisha 1973, kisha 2005. Halafu huweka maelezo mbele ya kila mwaka, na akimaliza huamini kwamba amepanga insha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ya miaka bado si mpango, na kwamba hasara yake haiishii kwenye alama. Mpango wa insha ya historia ndio unaoamua ni nani atakayeonekana katika historia hiyo na ni nani atakayeachwa nje. Tutatumia mfano mmoja wa mashariki mwa Uganda, kwa kuwa wasomaji wengi wanaifahamu barabara ya Jinja na Mbale, na kwa kuwa mfano huo humwadhibu vikali mwandishi asiyepanga.

Tuchukue swali hili: "Kwa nini Kiswahili kilienea katika miji ya kazi ya Jinja na Mbale katika karne ya 20, ilhali hakikupata nafasi ya kudumu katika shule za sehemu hizo? Jadili."

Kwanza tulisome swali lenyewe, maana insha nyingi huanguka hapa kabla kalamu haijagusa karatasi. Neno zito kuliko yote ni "ilhali". Linaunganisha mambo mawili, yaani kuenea kazini na kukosekana shuleni, na linamtaka mwandishi aeleze uhusiano wa mambo hayo. Anayeeleza jambo moja tu amejibu nusu ya swali. Anayeeleza yote mawili bila kuyakutanisha ameandika insha mbili fupi zilizobanwa kwa pini moja. Neno "kilienea" nalo ni dai la mtunga swali, kwa hiyo lazima lithibitishwe au lipunguzwe makali. Na kile kiunganishi kidogo "na" kati ya Jinja na Mbale kimewapoteza wengi, kama tutakavyoona.

Sasa tuutazame ule mpango wa miaka. Kwa kawaida huwa hivi. Wafanyabiashara kutoka pwani wanafika katika makao ya Kabaka katikati ya karne ya 19, wakiwa na Kiswahili chao. Mwaka 1927 Gavana William Gowers anaandika waraka unaopendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa anapinga mwaka 1929, na wakuu wa makanisa wanapinga pia. Mwaka 1952 Kiswahili kinaondolewa miongoni mwa lugha zinazotambuliwa shuleni, kikabaki kwa polisi. Mwaka 1973 Idi Amin anakitangaza kuwa lugha ya taifa, baada ya wajumbe wa wilaya kupiga kura: wilaya 12 zikikitaka Kiswahili na 8 zikiitaka Luganda. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yanakifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri linaidhinisha mpango wa kukifanya somo la lazima shuleni.

Mambo hayo yote yalitokea. Hata hivyo, msomaji na airudie aya hiyo akiitafuta Jinja. Haimo. Mbale haimo. Hamna kiwanda wala reli, wala mtu aliyebeba gunia la kahawa. Waliomo ni gavana, kabaka, maaskofu, rais, wabunge na mawaziri, yaani watu waliotoa amri na watu waliozipinga. Mwanafunzi hakukusudia kuwaacha wafanyakazi nje. Mpango wake ndio uliowaacha, kwa sababu mfanyakazi hana tarehe. Hakuna siku iliyotangazwa katika gazeti la serikali kwamba vibarua wa Jinja wameanza kusemezana kwa Kiswahili. Anayepanga kwa tarehe hupata wenye tarehe tu.

Ushauri wa kupanga kwa hoja badala ya miaka husemwa darasani kila muhula, na wanafunzi huitikia kwa vichwa, kisha hurudi mabwenini na kuandika miaka. Tatizo ni kwamba hatuwaonyeshi jinsi inavyofanywa. Inafanywa hivi: kusanya kwanza kila unachokijua, ovyo ovyo, kwenye karatasi moja. Kisha kiulize kila kitu swali moja tu: je, wewe unaeleza kuenea kazini, au unaeleza kukosekana shuleni? Kisichojibu kiwekwe kando hata kama ni kitamu. Nikiri kwamba hapo ndipo wengi huumia, maana habari iliyotafutwa kwa jasho haitupiki kwa urahisi.

Tuanze na upande wa shule. Kitu cha kwanza kinachojibu ni habari ya Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda aliyeeneza utawala upande wa mashariki kwa ushirikiano na Waingereza, na ambaye mji wa Mbale ulianza chini yake miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuliongoza baraza la Busoga, akabaki huko hadi mwaka 1913. Pamoja naye walikwenda mawakala wa Kiganda, na sambamba nao walimu wa dini. Lugha waliyokwenda nayo kanisani, barazani na darasani ilikuwa Luganda. Maana yake ni kwamba Gowers alipoandika waraka wake mwaka 1927, kiti cha lugha ya pili katika shule za mashariki kilikuwa kimekaliwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Hiyo ni hoja. Kwamba Kakungulu alifariki mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya waraka huo, ni tukio la kupendeza kulisimulia, lakini halielezi lolote kuhusu swali letu. Vivyo hivyo dini ya Kiyahudi aliyoishika kuanzia mwaka 1919 na jumuiya ya Abayudaya aliyoiacha pale Mbale. Ni historia nzuri sana, ya insha nyingine.

Kitu cha pili ni sababu za wapinzani wa Kiswahili. Kabaka alikuwa akiilinda Luganda na heshima ya Buganda. Wamisionari walikuwa na Biblia na vitabu vya shule kwa Luganda, na baadhi yao walikiona Kiswahili kuwa lugha iliyobeba Uislamu. Isitoshe, miaka hiyo hiyo palikuwa na mjadala wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na wengi walihofu kwamba Kiswahili kingefungua mlango kwa walowezi wa Kenya. Lakini sababu hizo zina makao yake Mengo na Namirembe. Insha inayozinakili hivi hivi na kuzipeleka Mbale imeruka daraja. Wagisu hawakuwa Waganda, na utawala wa mawakala wa Kiganda haukuwapendeza. Ingetazamiwa basi kwamba wangekikimbilia Kiswahili kama lugha isiyo ya bwana huyo. Kwa nini shule hazikuelekea huko? Mwandishi makini husimama hapa na kujibu: kwa sababu shule zilikuwa za misheni, na vitabu na walimu walikuwa mikononi mwa wale wale waliokipinga Kiswahili. Matakwa ya mkulima wa mlimani hayakuwa na njia ya kuingia katika mtaala. Hiyo ndiyo hatua inayounganisha Namirembe na Mbale, na ni aya moja tu, lakini bila aya hiyo insha haisimami.

Tuje upande wa kazi. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilikamilika mwaka 1912. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia kutoka Kenya kupitia Tororo ilitoa tawi lililopita Mbale kuelekea Soroti, na mwaka 1931 treni zilivuka Nile pale Jinja hadi Kampala. Reli ililetwa kutoka upande wa Kenya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi tangu Mombasa. Kisha likaja Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo tunaliita Nalubaale. Umeme wake uliibadilisha Jinja: kiwanda cha nguo cha Nytil, kiwanda cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, kiwanda cha bia, na jirani yao sukari ya Kakira iliyokuwapo tangu zamani. Waliokuja kufanya kazi hawakuwa Wasoga peke yao. Walikuwamo Waluo na Waluhya kutoka Kenya na watu wa West Nile. Kundi la namna hiyo halingeweza kusubiri mpaka mtaala uamue.

Hapa ndipo tunapokipata kile kiungo ambacho neno "ilhali" linakidai. Shule ya misheni ilikusanya watoto wa sehemu moja, chini ya mwalimu mmoja, kwa kitabu kilichochapwa. Kiwanda kilikusanya watu wazima wa sehemu nyingi, na hakikuwapa kitabu. Lugha ya shule ilihitaji kibali. Lugha ya kiwandani ilihitaji tu kwamba watu wawili wasioelewana wabebe mzigo mmoja. Kwa hiyo Kiswahili hakikuenea "licha ya" kukataliwa shuleni, kama insha nyingi zinavyosema. Njia mbili tofauti zilikuwa zikifanya kazi, na amri ya mwaka 1952 ilikuwa na nguvu katika moja tu kati ya hizo.

Mtahini mwema atauliza: ushahidi uko wapi? Uchunguzi wa lugha nchini Uganda uliofanywa na Ladefoged, Glick na Criper, uliochapishwa mwaka 1972, uliwauliza watu lugha wanazoweza kuzungumza. Kwa jumla asilimia 39 walisema wanaweza kuzungumza Luganda, na asilimia 35 walitaja Kiswahili. Mwanafunzi mwenye haraka hunukuu takwimu hizo, akatangaza kwamba Luganda ilishinda, akaenda zake. Zitazame kwa jinsia. Waliosema wanajua Kiswahili walikuwa asilimia 52 ya wanaume, lakini asilimia 18 tu ya wanawake. Lugha inayofundishwa nyumbani haitoi pengo la namna hiyo. Pengo hilo linaelekeza mahali ambapo wanaume walikuwa wengi: reli, kiwanda, kambi, lori la mizigo. Takwimu moja iliyotafsiriwa ina faida kuliko kumi zilizonukuliwa. Lakini pia iandikwe wazi kwamba takwimu hizo ni za nchi nzima, na ni watu walivyojieleza wenyewe, hawakupewa mtihani. Kuziita "takwimu za Jinja" ni uongo, hata kama zinatufaa.

Tena kuna pingamizi ambalo mpango wa miaka hauwezi kuliona kabisa. Jinja ilikuwa pia mji wa kambi ya jeshi. Askari waliorithiwa kutoka King's African Rifles walitumia Kiswahili, na maasi ya Januari 1964 yalitokea katika kambi hiyo hiyo. Je, Kiswahili cha Jinja ni cha kiwanda au ni cha kambi? Mwandishi asiyelitaja pingamizi hili anatumaini mtahini halijui, na tumaini hilo ni dhaifu. Mahali pake ni katikati ya insha, baada ya hoja ya kiwanda kuwekwa imara, na jibu lake halina haja ya kuwa kali. Inatosha kuonyesha kwamba kambi na kiwanda vilifanana kwa jambo moja, kukusanya wanaume wa lugha nyingi chini ya amri ya kazi, kisha kuuliza ni kipi kilichokuwa na watu wengi zaidi waliochanganyika na raia wa mjini kila siku.

Sasa kile kiunganishi "na". Mbale haikuwa Jinja ndogo. Ulikuwa mji wa utawala, wa soko na wa kahawa ya arabika ya Mlima Elgon, na Bugisu Co-operative Union iliyoundwa mwaka 1954 ilikuwa ya wakulima wa Bugisu. Kuitumia kama mfano wa "mchanganyiko wa makabila" ni kuikosea. Hata jirani aliyetoka Kenya hakuwa lazima ahitaji Kiswahili pale, kwa kuwa lugha ya Wabukusu na ya Wagisu ni ndugu. Aliyehitaji lugha ya kati ni Mgisu aliyeuziana na Mteso au na Msebei, ambao lugha zao hazina udugu wowote na yake. Kwa hiyo Kiswahili cha Mbale yafaa kitafutwe kwanza sokoni, kwenye stesheni na kwenye maduka ya Wahindi, na baadaye ndipo tuje katika vile viwanda, kikiwamo African Textile Mill, vilivyolipa eneo la Industrial Division jina lake. Insha yenye aya moja kuhusu "Jinja na Mbale" itakuwa imeeleza Jinja na kuitaja Mbale. Aya mbili zinatosha, mradi ya pili ianze kwa kusema ni nini kilikuwa tofauti.

Mpango basi unakuwaje? Uandikwe kwa sentensi kamili, si kwa vichwa vya habari. "Reli na viwanda" ni kichwa cha habari na hakisemi lolote. "Reli na viwanda vilikusanya watu wasio na lugha moja, na kwa hiyo vilikihitaji Kiswahili bila kungoja kibali" ni sentensi, na mtu anaweza kuipinga. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: ikiwa hakuna anayeweza kupinga mstari wa mpango wako, mstari huo haujawa hoja. Ukiziweka sentensi zako tano au sita moja chini ya nyingine na kuzisoma mfululizo, zisomeke kama insha fupi sana. Zikikatika, jua katikati kuna daraja lililokosekana, kama lile la Namirembe na Mbale.

Miaka haitupwi. Inapata kazi pale inapomaliza ubishi. Watu wengi huamini kwamba Kiswahili kilikosa nafasi shuleni kwa sababu ya vitendo vya wanajeshi katika utawala wa Amin. Ni kweli kwamba vitendo hivyo vilikiletea Kiswahili jina baya. Lakini shule zilikuwa zimekwisha kukiacha mwaka 1952, miaka 19 kabla ya Amin kutwaa madaraka. Hapo tarehe mbili zikiwekwa bega kwa bega zinaua dai zima, na hiyo ni kazi ambayo orodha ya tarehe kumi haikuweza kuifanya. Hali kadhalika mwaka 1970, serikali ilipowaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, na mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa. Ikiwa Kiswahili cha Jinja kilikuwa mali ya wageni tu, kingeondoka nao.

Nitoe mfano wa aya moja iliyojengwa juu ya mpango wa aina hiyo:

"Kiswahili kilienea Jinja kwa sababu kazi iliwakusanya watu kabla ya shule kuwaunganisha. Baada ya Bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, viwanda vya nguo na shaba viliajiri watu wa Busoga, wa West Nile na wa magharibi mwa Kenya, ambao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Luganda ilijulikana na wengi waliosoma katika shule za misheni za Busoga, lakini haikujulikana na aliyetoka Kisumu. Hivyo, lugha iliyofaa darasani ilipungua uwezo wake mlangoni mwa kiwanda, na nafasi iliyobaki ikachukuliwa na lugha iliyokuwa imekwisha kuja na reli."

Sentensi ya kwanza inadai, ya pili inaleta ushahidi, ya tatu inamjibu anayetaka kuuliza kuhusu Luganda, na ya mwisho inarudi kwenye "ilhali" ya swali. Hakuna "kwa upande mwingine" hata moja. Kirai hicho kimegeuka kuwa ugonjwa katika insha za wanafunzi wetu: unakutana nacho mara sita katika ukurasa mmoja, na ukitafuta upande wa kwanza huuoni. "Hata hivyo" nayo ni ya pale tu kinachofuata kinapopingana na kilichotangulia.

Kuhusu utangulizi sina mengi. Uandikwe mwisho, uwe mfupi, utoe dai kuu, na usianze na asili ya Wabantu. Hitimisho lisiwe utangulizi ulioandikwa tena kwa wakati uliopita. Katika insha ya maneno 1500, utangulizi wa maneno 150 unatosha sana.

Jambo linalostahili nafasi zaidi ni ushahidi wa masimulizi, kwa kuwa ndio unaomrudisha yule mfanyakazi asiye na tarehe. Mbale na Jinja zilipandishwa kuwa majiji mwaka 2020, na viwanda vipya vimejengwa, vikiwamo vya bustani ya viwanda ya Sino-Uganda pale Mbale. Wazee waliofanya kazi katika viwanda vya miaka ya 1960 wamebaki wachache. Mwanafunzi anayekwenda kuwasalimu wazee hao na aende na mpango wake mkononi, lakini asiwasomee. Akimwuliza mzee, "Je, Kiswahili kilikuwa muhimu?" atajibiwa "Ndiyo, mwanangu," na hatakuwa amepata kitu. Amwulize siku ya kwanza msimamizi alimwita kwa lugha gani. Amwulize walitaniana kwa lugha gani wakati wa chakula cha mchana, nani alicheka na nani hakuelewa, na jioni alipofika nyumbani mke wake alimsemesha kwa lugha ipi. Majibu yakitofautiana na mpango, ubadilishwe mpango.